Mashine za "ex-UK" mtandaoni: EliteBook 840 G5, ThinkPad T480 na Latitude 7490

Tangazo la kompyuta mpakato ya mtumba huwa linakuja hivi: "HP EliteBook 840 G5, Core i7, RAM 8, SSD 256, EX-UK, Grade A, haina mkwaruzo, chaji inakaa, maelewano yapo, mikoani tunatuma." Limesema mengi, lakini kizazi cha prosesa (chipu kuu inayofanya kazi) hakimo, hali halisi ya betri haimo, na namba ya siriali haimo. Hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua kama umepata mashine ya miaka minne ijayo au umenunua mzigo wa kumpelekea fundi kila mwezi.

Modeli tatu tunazozipitia hapa ndizo zinazojaa Instagram, WhatsApp na tovuti ya Jiji kuanzia Kariakoo, Dar es Salaam, hadi Luthuli, Nairobi. Zote ni toleo la 2018, kioo cha inchi 14, zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi na zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Ukipata iliyo nzima, yoyote kati ya hizo inaishinda mashine mpya ya bei ileile yenye kava la plastiki na prosesa dhaifu ya Celeron, tena kwa mbali. Shida iko kwenye hilo "ukipata iliyo nzima".

Kwanza tuyatoe njiani maneno ya biashara. "Ex-UK" maana yake ni kwamba mashine ilitumika ofisini Uingereza. Kampuni kubwa hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka mitatu hadi mitano na kuziuza za zamani kwa jumla. Wanunuzi wa jumla huzichambua, kisha zinapakiwa kuja Mombasa au Dar es Salaam, nyingine zikipitia Dubai na Sharjah. Haikuambii kama ilikaa mezani imechomekwa kwenye umeme miaka mitatu au ilibebwa kwenye begi kila siku. Kuthibitisha asili ni rahisi: kibodi ya Uingereza ina alama ya pauni juu ya namba 3 na kitufe cha Enter kilichosimama mistari miwili. Enter ikiwa imelala na juu ya 3 kuna #, mashine ni ya Marekani. Haina ubaya wowote, ila muuzaji ameshaanza kukudanganya kwenye neno la kwanza. Kuna pia zinazotoka Ujerumani zenye Z mahali pa Y, zimebandikwa stika za herufi juu ya vitufe. Stika hizo huziba taa ya kibodi na baada ya muda huanza kuteleza zikiacha gundi.

"Grade A" nayo ni maneno ya muuzaji. Hakuna chombo kimoja kinachogawa hayo madaraja, na hata pale yanapotumiwa kwa uaminifu yanazungumzia kava na kioo tu, si betri wala diski. Ukiona mashine imevalishwa stika ya mapambo juu ya mfuniko, omba ibanduliwe kwenye kona. Mipasuko karibu na bawaba hufichwa hapohapo.

Sasa prosesa, maana hapa ndipo watu wengi wanapigwa wakiwa na tangazo mkononi. Namba inayofuata i5 au i7 ndiyo ya kusoma. i5-8250U na i5-8350U ni kizazi cha 8. I5-7300U na i7-7600U ni cha 7. Tofauti si ya mwaka mmoja tu. Intel kwenye kizazi cha 8 cha laini hii ilipandisha kutoka kori (vitengo vya kuchakata ndani ya prosesa) mbili hadi nne, kwa hiyo i5-8250U inaipita i7-7600U kwenye kazi nyingi, ingawa tangazo la "i7" ndilo linalovutia na ndilo lenye bei kubwa. Jambo la pili: Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 kwa Intel, isipokuwa vighairi vichache sana, na Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Na mtego wenyewe ni huu: modeli zote tatu zilitoka pia na i5-7300U. Yaani unaweza kununua EliteBook 840 G5 halali kabisa, isiyochakachuliwa, na bado ukawa na prosesa ya kizazi cha 7. Kuona "G5" au "T480" hakutoshi. Muuzaji akikujibu "ni core i5 ya kizazi kipya", mwombe picha ya Task Manager upande wa Performance, sehemu ya CPU, jina zima lionekane juu kulia. Akisema imeshawekwa Windows 11 hivyo haina shida, bado si ushahidi. Kuna njia ya kuruka ukaguzi wakati wa kuweka Windows, na mashine za kizazi cha 6 zinauzwa kila siku zikiwa na Windows 11 juu yake. Inawaka na inafanya kazi, ila Microsoft haikuahidi masasisho.

HP pia ina ndugu anayefanana naye, EliteBook 745 G5, ya AMD. Kava ni lilelile ukiitazama kwenye picha. Ile yenye Ryzen 5 2500U haimo kwenye orodha ya Windows 11, kwa hiyo bei yake lazima iwe chini.

Tukianza na 840 G5 yenyewe: ni ya kupendeza, aluminiamu, spika za Bang & Olufsen zinazosikika kuliko za hizo nyingine mbili, sehemu mbili za RAM (kumbukumbu ya muda) aina ya DDR4 na nafasi ya SSD (diski) ya M.2. Inachaji kwa pini nyembamba ya bluu ya milimita 4.5 au kwa USB-C, na vipuri vyake ni rahisi kupatikana kwa sababu mashine zenyewe zimejaa sokoni. Kasoro kubwa ni kioo cha Sure View, kile cha kuzuia jirani asichungulie. Kilikuwa cha kulipia zaidi ikiwa mpya. Kwenye mtumba ni mzigo. Hata ukikizima, rangi zimefifia na ukigeuza kichwa kidogo picha inaonekana kijivu. Kitufe cha F2 kikiwa na mchoro wa kioo chenye mistari ya mshazari, mashine ina Sure View. Picha moja ya safu ya juu ya kibodi inamaliza maswali.

ThinkPad T480 ndiyo tunayoiweka mbele, kwa sababu moja: betri mbili. Moja ya 24 Wh (wati-saa, kipimo cha ujazo wa betri) iko ndani, nyingine inachomekwa nyuma na kutolewa kwa mkono bila bisibisi, ya 24, 48 au 72 Wh. Betri ya nyuma ikichoka unabadilisha mwenyewe. RAM sehemu mbili, kuna tundu la waya wa mtandao, HDMI, na kibodi inayobadilishwa bila kubomoa mashine nzima. Sauti yake ni ya kawaida sana, na kwa sura haivutii kama HP.

T480 ina mambo matatu ya kuchunguza. La kwanza, kioo: nyingi zilitoka na kioo cha 1366 × 768, chenye rangi zilizopauka na kisichotazamika kwa pembeni. Kwa kazi za Excel kinatesa. Taka cha 1920 × 1080. La pili, betri ya ndani. Wauzaji hubadilisha ile ya nyuma kwa sababu ndiyo rahisi, wakaiacha ya ndani imekufa. Ripoti ya betri lazima ionyeshe safu mbili na zote ziwe na uhai. La tatu ni zito zaidi. T480 haina tundu la chaja la pini, inachaji kwa USB-C peke yake, na modeli za ThinkPad za 2017 hadi 2019 zilikuwa na hitilafu kwenye programu ya chipu ya Thunderbolt, inayoendesha tundu hilo, iliyosababisha tundu la USB-C kufa polepole. Lenovo ilitoa sasisho la kuzuia, lakini halifufui chipu iliyokwisha kuharibika. Hapo inabidi fundi wa bodi (ubao mkuu wa ndani) aiandike upya programu ya chipu hiyo. Kwa hiyo chomeka chaja kwenye tundu la kwanza, kisha la pili, na pia jaribu kutoa picha kwenda kwenye televisheni kupitia lile lenye alama ya radi na mshale. Zikipita zote, jambo la kwanza kufanya baada ya kununua ni kuweka hilo sasisho kutoka tovuti ya Lenovo.

Usichanganye T480 na T480s. Hiyo nyingine ni nyembamba, betri ni moja ya ndani, na sehemu ya RAM imechomelewa kwenye bodi, imebaki nafasi moja ya kuongeza.

Latitude 7490 ni mashine nzuri ambayo soko letu haliipi heshima yake, na kwa hiyo mara nyingi hupatikana kwa bei ya chini ya hizo mbili. Betri yake ni ya 42 au 60 Wh. Taka ya 60. Tatizo la Dell ni chaja. Katikati ya pini yake nene kuna sindano ndogo inayoitambulisha chaja kwa mashine. Chaja ya kuiga, au sindano ikipinda, mashine inawaka na kuandika kwamba haijaitambua chaja, kisha inakataa kujaza betri na kushusha kasi ya prosesa hadi inakuwa kama imelala. Wengi huuza mashine nzima kwa hasara wakidhani ni bodi. Chaja halisi, au ya USB-C ya wati 65, inamaliza.

Wema mwingine wa Dell: ile Service Tag ya herufi na namba saba chini ya mashine. Ukiiingiza kwenye tovuti ya Dell unaona ilisafirishwa lini kutoka kiwandani na ikiwa na nini ndani. HP na Lenovo nazo zinakuonyesha dhamana ilianza lini. Muuzaji anayeficha siriali hana sababu ya maana. Siriali si nywila.

Turudi kwenye betri, kwa sababu hapo ndipo pesa inapopotea kimyakimya. Mwombe muuzaji afungue Command Prompt, aandike powercfg /batteryreport, kisha akutumie picha ya sehemu ya juu ya ripoti itakayotoka. Kuna mistari miwili ya kulinganisha: Design Capacity na Full Charge Capacity. Tuseme ya kwanza ni 50,000 mWh na ya pili 31,000. Betri imebaki asilimia 62. Juu ya 80 ni nzuri. Kati ya 60 na 80 inavumilika kama bei imeshuka. Chini ya 60 hesabu gharama ya betri mpya ndani ya bei ya kununulia, si baadaye. Mfano: mmoja anauza shilingi 700,000 za Tanzania na betri ya asilimia 85, mwingine 620,000 na betri ya asilimia 50. Huyo wa pili ni ghali.

Ripoti nayo hudanganya pale betri ya kuiga imewekwa: inaonyesha asilimia 100 na mizunguko sifuri kwenye mashine ya 2018. Dawa ni kuichomoa kwenye umeme, kuweka mwanga nusu, kucheza video nusu saa. Ikishuka taratibu ni sawa. Ikiruka kutoka 40 hadi 7 ghafla, seli zake hazilingani. Na kama pedi ya kugusa imeinuka au haibonyezeki, betri imevimba chini yake; hiyo usiichaji hata kidogo. Kuagiza betri peke yake kutoka nje si rahisi kama kuagiza kava, kwa sababu tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zisizofungwa ndani ya kifaa haziruhusiwi kusafirishwa kama mizigo kwenye ndege za abiria. Ndiyo maana betri halisi ni ghali na za kuiga ni nyingi.

Diski: kampuni za Uingereza nyingi hutoa diski na kuziharibu kabla ya kuuza mashine, kwa ajili ya sheria za kulinda taarifa. Kwa hiyo SSD unayouziwa huenda imewekwa hapahapa, na mara nyingi ni ya jina ambalo hutalikuta popote pengine. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inaonyesha afya na saa ilizofanya kazi. SSD isiyo na jina yenye saa sifuri si lazima iwe mbovu, ila usiweke humo kazi zako bila nakala pembeni. Kwenye RAM, Task Manager hukuonyesha nafasi zilizotumika: 1 kati ya 2 ni afadhali kama unapanga kuongeza, maana hutatupa kipande.

Amri nyingine ya sekunde kumi ni slmgr /xpr. Ikisema Windows imewezeshwa moja kwa moja, vizuri. Ikitaja "Volume activation" na tarehe ya kuisha, imewezeshwa kwa njia ya mashirika makubwa, na kwa mashine ya mtumba hiyo karibu daima ni kuchakachua.

Kufuli ndizo zinazoumiza zaidi kwa sababu hazionekani siku ya kwanza. Ziko mbili. Nywila ya BIOS, programu inayoamka kabla ya Windows: washa mashine, bonyeza F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo, F2 kwa Dell. Ikiomba nywila, acha. Kwenye mashine hizi za ofisini kutoa betri ndogo ya bodi hakuifuti. Fundi atalazimika kugusa chipu yenyewe. Ya pili ni usajili wa kampuni, Autopilot. Mashine imeandikishwa kwenye akaunti ya kampuni ya zamani. Siku utakapoweka Windows upya na kuunganisha intaneti, ukurasa wa kuingilia unakuja na jina la kampuni hiyo na kutaka anuani ya mfanyakazi wao. Kubadilisha SSD hakusaidii, kwa sababu utambulisho umefungwa kwenye bodi. Anayeweza kuiondoa ni kampuni iliyoisajili. Muuzaji akikushauri "usiunganishe Wi-Fi ukiwa unaiset mara ya kwanza", ameshakuambia kila kitu. Taka video ya mashine ikianza upya kabisa, ikaunganishwa na Wi-Fi, na kufika mahali pa kuomba akaunti ya kawaida.

Wauzaji wenyewe ni wa aina mbili. Kuna mwenye mzigo na kuna winga. Winga hana mashine. Ana picha za duka la mtu mwingine na anaongeza chake juu. Si mwizi, wengine ni waaminifu kuliko wenye duka, lakini mashine ikiharibika hana pa kukurudisha. Kumtambua ni rahisi: omba picha ya mashine hiyohiyo, karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo juu ya kibodi, siriali ikionekana. Mwenye mzigo anakutumia ndani ya dakika kumi. Winga anaanza kueleza kwamba ipo stoo.

Jiji ni ubao wa matangazo: makubaliano ni yako na muuzaji. Jumia, duka la mtandaoni kwa walio Kenya na Uganda (Tanzania ilifunga 2019), ina utaratibu wa kurudisha, ila soma jina la muuzaji aliye ndani yake. Wenye ndugu Marekani au Ulaya huuliza kuhusu Amazon Renewed na Back Market, maduka ya mtandaoni ya mashine zilizokarabatiwa. Dhamana zao ni nzuri, siku 90 kwa Renewed ya Marekani na miezi 12 kwa Back Market, lakini ni dhamana za huko. Mashine ikishatua uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, kuirudisha kunakula faida yote. Mwambie ndugu aifungue na kuijaribu yeye kwanza, ndani ya muda wa kurudisha.

Malipo: lipa kwa lipa namba au till yenye jina la duka, si namba ya mtu binafsi. Risiti iandikwe siriali, modeli, prosesa na muda wa dhamana, hata kama ni wiki mbili. Ile sentensi iliyochapwa chini, "mali ikishauzwa hairudishwi", isikutishe kama juu yake kuna maandishi ya mkono na muhuri yanayosema siku 14. Bila maandishi hayo, dhamana ya mdomo huisha ukifika mlangoni.

Kwa walioko mikoani, mzigo wa basi ndio unaovunja vioo. Mashine isitumwe kwenye begi la mkononi. Iwekwe kwenye boksi gumu, sponji pande zote, karatasi laini kati ya kibodi na kioo, chaja ifungwe kando na isikae juu ya mfuniko. Rekodi video kuanzia kwenye utepe wa boksi bila kukata. Siku hiyohiyo fungua ukurasa mweupe kioo kizima utafute madoa yanayong'aa, yale ya kugandamizwa, kisha mweusi. Bonyeza kila kitufe. Jaribu kila tundu la USB, kamera, maikrofoni. Cheza video nusu saa: feni ikiunguruma muda wote hata ukiwa hufanyi kitu, grisi iliyo juu ya prosesa imekauka, kazi ya fundi ya muda mfupi na ya bei ndogo.

MacBook Air ya 2017 inayouzwa kwa mbwembwe tuiache: iliishia macOS Monterey, na RAM yake haiongezeki. Chromebook za shuleni nazo, angalia kwanza tarehe yake ya mwisho ya masasisho.

Na kama mashine haitaondoka mezani, iwe ya ofisi, stationery au ya mtoto kusomea, achana na mpakato kabisa. Tafuta zile ndogo za mezani: HP EliteDesk 800 G4 Mini, Dell OptiPlex 7060 Micro au Lenovo M720q, zenye i5-8500T. Hizo ni kori sita, hakuna betri ya kuvimba wala bawaba ya kukatika, na kwenye soko la mtandaoni hazigombaniwi. Hakikisha zinakuja na chaja yake ya nje, kwani mara nyingi huuzwa bila, na ongeza UPS ndogo kwa ajili ya umeme unaokatika.